Brashi Zilizopita Mikononi mwa Kananu

Nyinyi mnaonunua brashi za mekapu kwa kuangalia rangi ya mpini, sogeeni karibu niwaambie kitu. Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu, anayesoma chuo pale Nchiru na kuwapamba wenzake wa hosteli, alinionyesha kwenye simu seti ya brashi ishirini na nne, mipini yote ya waridi, ndani ya mkoba unaometameta. Akaniuliza, "Shosho, hii si iko sawa?" Nikamuuliza manyoya yake ni ya nini. Akasema hiyo hajui, lakini picha ni poa. Nilikasirika, na kwa kuwa hasira yangu haiishi kwa kunyamaza, nimeamua kuandika.

Naitwa Mama Njeru. Nilizaliwa Kanja, upande wa Embu, kwa wakulima wa kahawa, nikaolewa Meru, na nimepamba nyuso za watu mjini Meru kwa karibu miaka thelathini. Nimestaafu kwa sababu mkono wa kulia umeanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka hauna ruhusa karibu na jicho la mtu. Siku hizi nafuga kuku. Kuku hawataki mekapu, lakini kichwa changu bado kiko kazini.

Tuanze na mkono, maana hapo ndipo nilipopotea kwanza. Ukiingia dukani leo utamwona msichana anachukua brashi, anaipitisha nyuma ya kiganja, anasema ni laini, analipa. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu mizima. Kila brashi ilikuwa laini. Hata zile ambazo wateja walikuwa wakikunja uso nikiwagusa nazo, kwangu zilikuwa laini tu, na nikadhani wateja wanadeka.

Aliyenitoa ujinga ni Bi Zulekha, mama wa Kiislamu wa Majengo, aliyekuwa na duka la wanja, hina na mafuta ya nywele, mlango wa pili kutoka bucha ya mumewe. Siku moja aliniona najisugua brashi mkononi, akaacha kupima hina ya mteja akaja.

"Mama Njeru, mkono huo umechuma kahawa miaka mingapi?"

"Tangu nikiwa mdogo," nikamwambia.

"Basi hata ukiusugua kwa gunzi la mahindi utakwambia asante. Weka hapa." Akanigusa chini ya jicho.

Nikaweka, nikaruka. Ile brashi ilikuwa inachoma kama majani makavu ya ngano. Nilikuwa nimeitumia kwa watu miezi minne.

Tangu siku hiyo nikapima kwa kope zangu mwenyewe. Osha uso, ukauke, funga macho, pitisha brashi taratibu juu ya kope, kwanza kwa ubavu wake, halafu isimamishe uiguse kwa ncha. Ubavu hudanganya. Ncha ndizo husema ukweli, hasa kama manyoya yamekatwa kwa mkasi kiwandani badala ya kupangwa kwa ncha zake za asili. Na msiseme mteja atawaambia akiumia. Watu wetu wana heshima nyingi wakishakalia kiti cha kupambwa. Utamchoma, machozi yatamtoka, naye atakwambia ni furaha.

Bi Zulekha alinifundisha na mengine. Vuta manyoya polepole mara kadhaa, halafu igonge brashi juu ya karatasi nyeupe uone inadondosha ngapi. Moja mbili si neno, lakini ikiendelea kudondosha, iache. Iloweshe maji ya uvuguvugu uipanguse kwenye kitambaa cheupe, maana za bei ya mtego hutoa rangi, na rangi hiyo ingeenda kwenye ngozi ya mtu. Shika kile kibati kinachobana manyoya ukitikise. Kikicheza dukani, nyumbani kitang'oka. Ibonyeze shavuni uiachilie, iwe inarudi ilivyokuwa bila kusuasua. Muuza duka akikukataza kujaribu, mwachie brashi yake.

Kuhusu idadi, sikilizeni vizuri. Uso unahitaji tatu: moja kubwa iliyotawanyika kwa poda, moja iliyoshonana, kichwa bapa, kwa faundesheni, na moja ndogo ya kuficha weusi chini ya macho. Macho yanahitaji tatu: bapa ya kuweka rangi kwenye kope, ya mviringo iliyo laini ya kufifisha kingo, na nyembamba iliyokatwa mshazari kwa nyusi na wanja. Sita. Sita ulizozipima mwenyewe zinashinda ishirini na nne za kwenye simu, na mtu asinibishie mpaka awe amepamba bibi harusi Timau kwenye upepo wa Julai.

Makosa niliyafanya mengi, tena ya kuchekesha. Wakati mmoja niliziosha brashi zangu, nikaziweka zikauke kwenye uchaga juu ya mafiga ya mama mkwe, pale anapokausha mbegu za mahindi. Kwetu kila kitu kinachotakiwa kikauke kinapelekwa pale, nikaona brashi nazo ni mbegu. Moshi ukaingia manyoyani na joto likalegeza gundi. Bibi harusi niliyempamba kesho yake aliniuliza kwa upole kama nimetoka kuchoma nyama, halafu manyoya yakaanza kumbakia puani. Sasa nawaambia: zilaze juu ya taulo, kivulini, vichwa vikitokeza nje ya ukingo wa meza. Usizisimamishe zikiwa na maji, yatashuka kwenye gundi.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Kosa ninalotaka mlijue nililifanya nikiwa nimeshajua kupima, nimeshapata jina, na nina kiburi cha kutosha.

Nilikuwa nimenunua brashi ya manyoya ya mbuzi, mpini wa dhahabu. Niliipima kila namna na ikapita. Ilikuwa laini kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka kwenye kope zangu. Nikaipenda hata nikawa naitumia kwa kila kitu, poda na faundesheni ya majimaji pia. Hapo ndipo palipokuwa na shimo. Manyoya ya mbuzi yanakunywa. Ukiyachovya kwenye kitu cha majimaji, nusu inaingia kwenye brashi, nyingine inakaa juu ya ngozi bila kushika. Unaona haijafunika, unaongeza. Inakunywa tena, unaongeza tena. Mwishowe mtu ana tabaka zima usoni linalosubiri kuguswa.

Msichana mwenyewe aliitwa Kananu. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba moja la maua kule Timau, kitengo cha kuchambua waridi, na ilikuwa siku ya ruracio yake, ile ya kujadili mahari. Mnajua mila yetu. Wazee wakishaelewana, msichana anafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, pamoja na wasichana wengine wa kimo chake, wanaingizwa kwa nyimbo, na bwana anatakiwa amtambue aliye wake. Akikosea anatozwa faini na kuchekwa. Nilipokuwa nampamba, Kananu aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwenda ananijua hata vile nasimama. Utaona. Atakuja straight kwangu." Alikuwa amengojea jambo hilo kuliko keki.

Walifunikwa wasichana watano, leso za manjano. Jua lilikuwa limetoka, nyimbo zilikuwa ndefu, na mtu akipumua ndani ya leso inamgandama usoni. Walipofika mbele ya wageni, leso nne zilikuwa safi. Ya tano ilikuwa na paji la uso, pua na mashavu mawili, yote ya kahawia, yamejichora kwa nje. Mwenda hakuangalia miguu ya mtu wala kimo. Alicheka, akaenda moja kwa moja kwenye ile yenye doa.

Mjomba wa Mwenda akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Huyu hajatambua bibi, huyu ametambua rangi." Boma zima likaanguka kicheko. Leso ilipofunuliwa, nusu ya uso niliokuwa nimeutengeneza ilibaki kwenye kitambaa. Simu zilikuwa zimeshainuliwa.

Kananu hakulia. Alimuuliza Mwenda, "Ungenijua bila hiyo?"

"Si nimekupata tu?" Mwenda akajibu, bado anacheka. Hakuwa mtu mbaya. Hakuelewa tu alichoulizwa.

Mimi nilielewa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wapishi na ile brashi ya mpini wa dhahabu mfukoni, na nilitamani nijifiche kwenye sufuria. Kumbe niliyempamba nilimwibia kitu ambacho hakirudishwi. Jumatatu alipoenda kazini, picha ilikuwa imemtangulia, na wenzake wakawa wanamwita Leso.

Harusi ya kanisani ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Nikajiambia: huyu msichana hatafika madhabahuni na aibu yangu usoni. Nikapanda hadi Timau kuomba radhi na kuomba nimpambe tena. Mama yake, Mama Kananu, alinikuta langoni. Ni mama wa kanisa, mrefu, mkulima wa viazi, hana maneno mengi.

"Mama Njeru, rudi. Uso wa mtoto wangu si wa kujifunzia."

Nilirudi. Njia nzima neno lile lilikuwa linanitafuna, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeacha kujifunza siku watu walipoanza kunisifu. Basi nikaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika brashi. Nilizunguka maduka ya Meru, Chuka na Embu mjini. Nilibeba chupa ndogo ya faundesheni kwenye mkoba, naomba brashi, najipaka shavu moja, nafunika na leso, naibonyeza, naifunua kuangalia. Pale Embu binti mmoja wa duka alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia. "Mama, unanunua ama unaoga?" Nilimwambia vyote viwili, nikaomba nyingine.

Kope zangu ziliona cha mtema kuni. Jicho la kushoto lilivimba wiki nzima, Bi Zulekha akawa ananiwekea kitambaa cha maji baridi huku ananisema kwamba nina kichwa kigumu. Niligundua kwamba brashi ya nailoni iliyoshonana hainywi faundesheni. Niligundua kwamba ukipangusa unaisogeza tu, lakini ukibonyeza kidogo kidogo inaingia kwenye ngozi na kukaa. Leso ikaanza kutoka shavuni ikiwa karibu safi. Karibu haikunitosha. Nikaendelea.

Nilipopanda Timau mara ya pili sikwenda kwa mama. Nilimngojea Kananu njiani akitoka kazini, amevaa gambuti na dastikoti. Nilimwambia nilichojifunza, chote, nikamwonyesha jicho langu. Alinisikiliza amekunja mikono.

"Sitaki kuambiwa hizo brashi ni poa," akasema. "Hata ile ingine uliniambia ni poa. Kuja Jumapili na zote. Nitazipitisha mimi."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilipanga brashi kumi na mbili juu ya meza nje ya nyumba yao. Kananu alinawa mikono, akaifuta mmoja mmoja. Mama yake aliketi mlangoni akimenya viazi, hakunisalimia.

Nilitegemea apime kama mimi. Hakupima kama mimi hata kidogo. Kila siku ya kazi yake anashika vichwa vya waridi vingi, anaamua kipi kitafika ng'ambo kikiwa kizima na kipi kitafunguka njiani, na vidole vyake vilijua kitu ambacho vyangu havikujua. Aliikamata kila brashi kwa kichwa, ubavuni, akaibana kidogo sana kusikia kama katikati imejaa. Akaigeuza akaitazama kwa juu juani.

"Hii ndani iko empty," akasema, akaitupa pembeni. "Hii iko sawa juu, lakini ukifinya inaenda upande moja. Hii itakuwa imefunguka ukifika shavu ya pili." Moja aliifinya, akainusa, akaiweka pembeni bila neno. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kazini ukiuliza hivyo supavaiza anajua wewe ni mgeni."

Ziliondoka saba. Kati ya hizo saba, nne nilikuwa nimezipima kwa kope zangu nikaapa kwamba ni nzuri. Na nilipojaribu zile saba jioni hiyo kwa faundesheni, nikizibonyeza kwa nguvu, kweli zilifunguka katikati na kuacha mistari. Mpaka leo nabana kichwa cha brashi kabla ya kuigusisha uso. Nyinyi pia baneni.

Ile ya mpini wa dhahabu sikuwa nimeiweka mezani. Ilikuwa chini kabisa ya mkoba, nilipanga kuichoma moto na sikuwa nimepata moyo. Kananu alichungulia mkobani, akaiona, akaitoa. Nikaona aibu mpya. Akaibana, akaitazama juani, akaipitisha shavuni kavu, akafumba macho.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

"Hii haina makosa," akasema. "Wewe ndio uliipea kazi si yake." Akachukua kopo la poda, akaichovya, akaigonga, akajipitishia usoni mara moja. Poda ilikaa nyepesi, sawasawa. Akaiweka pamoja na zile tano zilizobaki.

Nimefundishwa na watu wengi, lakini hakuna aliyenifundisha zaidi ya sentensi ile, na aliyeisema ndiye aliyekuwa na haki ya kunirushia ile brashi usoni.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na baridi ile ya Timau inayopasua midomo. Faundesheni ilikuwa imekaza chupani, nikaipasha kwapani njiani, na msicheke, nanyi mtafanya hivyo. Ngozi yake ilikuwa imekauka, nikaanza na mafuta nikaacha yaingie kwanza. Nikachukua ile ya nailoni, nikabonyeza kidogo kidogo, kipande baada ya kipande. Nilipofika machoni upepo ulipita chini ya mlango, machozi yakamjaa. Zamani ningeendelea. Niliweka brashi chini nikangojea. Mara mbili Kananu alinishika kifundo cha mkono, nikasimama mpaka akauachia. Mwisho nikapitisha poda kwa manyoya ya mbuzi, mara moja tu, nikaacha.

Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Mama yake alikuwa mlangoni tangu nilipoanza, mikono kifuani.

"Ni mimi," Kananu akasema. Basi.

Mama Kananu akaja. Hakuniangalia. Aliweka kiganja chake chote, cha kuchimba viazi, kwenye shavu la bintiye, akakibonyeza, akakiacha hapo. Kile hakikuwa kipimo nilichowahi kufanya. Kisha akakiondoa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kila upande. Kilikuwa safi.

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Nilikuwa nimepata nilichofuata na sikutaka kuombwa wala kuomba kitu kingine. Nikasikia stuli inavutwa nyuma yangu. Mama Kananu alikuwa ameketi. Alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja magotini.

"Mimi sijawahi kupakwa kitu," akasema.

Wasichana wangu, hapo mkono ulitaka kukimbilia kazi. Lakini nilikuwa nimeshajua. Niliosha brashi, nikazikausha, nikazipanga zote sita kwenye taulo, nikaliweka mapajani mwake. Alizichukua moja moja, akazijaribu chini ya jicho lake, polepole, akirudia ile ambayo hakuwa na hakika nayo. Gari la harusi lilipiga honi mara mbili huko nje, na hakuna mtu aliyemharakisha.